Mlango Uliofungukia Ndani

Mwezi uliopita tulimzika Sista Redempta. Alikuwa sista wa hospitali, si wa utawa, mwanamke wa bara aliyekuja Mombasa kwa kazi ya mwaka mmoja akakaa mpaka mauti yakamkuta hapa hapa. Ibada ilifanywa Ganjoni, katika kanisa dogo lenye feni tatu, mbili zikizunguka na moja ikinung'unika tu, na mimi kwa mazoea ya kazi yangu nikakaa nikijiuliza ni mpumbavu gani aliyeyaelekeza madirisha yale upande wa jua. Watu walisimama mmoja mmoja kumsifu. Mwisho mshereheshaji akaita jina langu. "Tunaye Bi Arafa, msanifu majengo aliyeichora nyumba ya tiba ya Mji wa Kale, ile aliyoiongoza Sista. Nyumba ya mfano, haina kiyoyozi hata kimoja. Tafadhali, mama, neno moja." Nikaenda mbele, nikashika kipaza sauti, nikasema "Poleni," nikarudi kuketi. Walidhani ni huzuni. Huzuni ilikuwepo kweli, lakini kilichonirudisha kitini ni aibu, na aibu ile ina umri wa miaka kumi na minane.

Nyumba ile husifiwa sana. Wanafunzi huletwa kwa basi, huoneshwa kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, uwanja wa ndani unaovuta upepo, birika la maji ya mvua, sola za darini, na mwalimu wao huwaambia kwamba huu ndio ujenzi usiomdhuru mtu wala mazingira. Nimewahi kusimama nyuma ya kundi kama hilo nikamsikia mwalimu akisema maneno hayo, usiomdhuru mtu, nikaondoka kabla hajanitambua. Hakuna aliyewahi kuwaambia habari ya milango. Mambo ya ukoo wangu na utoto wangu nayaacha, hayana tofauti na ya watu wengine. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni huo mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na saba, nikijiona nimesoma kuliko mji mzima.

Bosi wangu alikuwa na bohari kubwa Kilindini iliyokuwa ikimla usiku na mchana, kwa hiyo nyumba ya wakfu hakuwa na haja nayo, akaniachia mimi. Ilikuwa jumba la ghorofa moja juu, hatua chache kutoka Makadara, lililotolewa na warithi wake liwe mahali pa kuwatibu vijana wa unga, wale walionaswa na heroini. Mtu mmoja wa zamani alikuwa amelipaka saruji ndani na nje, na saruji ilikuwa imezuia unyevu usitoke; kuta zikavimba, zikachubuka, vyumba vikanuka ukungu. Mimi nilijua dawa yake. Saruji ibanduliwe yote, chokaa irudi, kiwanda, yaani ule uwanja wa ndani, kifunguliwe juu ili hewa ya moto ipande na ya baridi iingie chini. Kuhusu wagonjwa sikujua lolote, na Sista Redempta ndiye aliyenifundisha. Alinikalisha juu ya gunia la mchanga akanieleza arosto ilivyo: mtu anatetemeka kwa baridi, robo saa baadaye anaoga jasho, feni inamchoma ngozi, mlio wa jenereta unampasua kichwa. "Nataka vyumba vya kimya," aliniambia, "na hewa ambayo haitoki kwenye mashine." Nilimpenda siku hiyo. Nilidhani amekuja kuniunga mkono katika kila nitakalolichora.

Fundi wa chokaa alikuwa Twalib. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mwembamba, mcheshi, mwenye vidole virefu vilivyoliwa na chokaa kwenye kucha, na kazi ile aliirithi kwa mjomba wake aliyekuwa karibu wa mwisho kuijua mjini. Unga aliutumia miaka tisa. Mara mbili aliwahi kuuacha, mara mbili akarudi. Tulipoanza kazi alikuwa na mwezi wa nne bila kuugusa, kwa nguvu zake na za mama yake tu, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya watu wanane watakaolala katika nyumba ile ikifunguliwa. Yaani alikuwa akijijengea mwenyewe. Mama yake, Bi Mwanasha, ndiye aliyetupikia. Saa nne huja na mahamri na mbaazi za nazi, saa saba huja na wali na samaki wa kupaka, akaketi kwenye baraza ya daka, pale mlangoni, akitufunulia sufuria, huku macho yake hayamtoki mwanawe. Nilidhani anatazama anavyokula. Siku moja nilikuwa nyuma ya mlango nikipima kizingiti, nikamsikia akizungumza na Sista kwa sauti ya chini.

"Sista, n'sikize. Safari hini akirudi huko, mie sina nguvu tena za kumrejesha. N'tanunua sanda niiweke kabatini, nijue moja."

"Usiseme hivyo, mama. Akiingia hapa ndani na dawa tukaanza, atakuwa na watu wa kumshika."

"Basi maliza nyumba yako hima. Mie nimshikie huku nde, wewe umalize."

Nilitoka nikajifanya sikusikia. Lakini tangu siku ile kila nilipopanga ratiba ya kazi niliiona ile sanda kabatini, na bado sikuiharakisha ratiba. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Chokaa ina ubishi wake. Huloweshwa shimoni ikalazwa wiki kadhaa mpaka ilainike kama siagi, kisha hupigwa ukutani tabaka moja, ikafunikwa magunia ya maji, ikangojwa, ndipo tabaka la pili. Kamati ya wakfu ilileta mkandarasi aliyesema kwa saruji atamaliza siku kumi. Nikamfukuza kwa hotuba. Sista Redempta alikuwa akija kila Jumanne akitoka zamu, viatu vyake vyeupe mkononi ili visichafuke, na kila Jumanne aliniuliza swali lile lile: lini? Nami siku moja nikamjibu kwa ujeuri wa msomi, "Haraka haraka haina baraka, Sista."

Hakucheka. "Na chelewa chelewa utampata mwana si wako," akasema, akamtupia jicho Twalib aliyekuwa juu ya jukwaa.

Twalib mwenyewe alikuwa upande wangu, na hilo lilinipa kiburi. "Sista, ukuta huno ukiupa saruji waukaba roho," alisema, akaupigapiga kwa kiganja. "Muache Bi Arafa. Nami nishazoea kungoja." Mchana aliweza. Kazi ilimshika, akaimba, akamtania Kombo seremala kwamba randa lake limezeeka kama yeye. Alasiri ikiingia, vyombo vikioshwa, ndipo uso wake ulipobadilika. Kutoka kazini kwenda kwao ilimpasa kupita kona moja ya Makadara walipokaa wenzake wa zamani, kwa hiyo Fundi Kombo, mtu wa miaka sitini na miguu mibovu, alizunguka naye njia ndefu kila siku mpaka mlangoni kwa mama yake. Hakuna aliyemwomba Kombo afanye hivyo. Wala sikumsikia hata siku moja akilitaja.

Mwezi wa sita wa kazi, siku moja Twalib hakuja. Bi Mwanasha alifika na mahamri, akatazama jukwaa tupu, akaweka sufuria chini bila kuifungua. Mwanawe alikuwa ametoka nyumbani alfajiri kwenda msikitini, akasema, naye hakumwona tena. Tulimtafuta mimi na Kombo, yeye akishika vichochoro, mimi nikizunguka sokoni nikiwauliza wauza mboga, nikimwinamia kila niliyemwona amejikunyata chini. Twalib alirudi mwenyewe saa kumi alasiri, uso wa kijivu, akaketi kwenye daka. "N'likaa nao," akasema. "Sikuvuta. N'likaa nao tu." Sista aliitwa, akaja mbio, akamfunua macho kwa kidole gumba na kuyatazama kwa tochi, kwanza la kulia, kisha la kushoto, na sote tumesimama pale. "Kweli," akasema. "Hajatumia." Bi Mwanasha alikaa chini palepale sakafuni akaanza kugawa mahamri yaliyopoa, na tukala sote, hata ambao hatukuwa na njaa. Sista alipokuwa akiondoka alinivuta pembeni. "Hatuna wiki nyingi, Arafa. Nikikuambia hatuna, niamini."

Sasa nifike kwenye milango. Katika mchoro wangu milango minne ya vyoo ilifungukia nje, ukumbini, na komeo zake zilikuwa za kuweza kufunguliwa upande wa pili. Ndivyo Sista alivyotaka tangu siku ya kwanza, akanieleza sababu, nami nikachora. Kombo alipoanza kuipasua mivule alikuja na karatasi mkononi, miwani kwenye paji la uso. "Arafa, hini milango yako mbona yafungukia nde?" Nikamwambia ndivyo ilivyo. "Mtu yuwatoka chooni, mlango umtangulie mbele ya watu? Na komeo mtu aweza kuifungua yuko ukumbini, hiyo ni komeo au pambo? Hata teja ana stara yake, mwanangu. Hini ni nyumba ya watu, si bohari ya Kilindini." Nami ni mzaliwa wa vichochoro vile. Najua kwamba kwetu mtu akienda chooni, nyumba nzima hujifanya haikumwona. Najua wageni huketi pembeni ili wasielekee mlango ule. Ukumbi wa juu ulikuwa mwembamba, kwa sababu vyumba vya zamani hupimwa kwa urefu wa boriti, na mlango ukifungukia nje ungewaelekea moja kwa moja wanaoketi kiwandani. Nikamwona Kombo ana haki. Zaidi ya hayo, niseme ukweli, nilitaka aniheshimu. Nikaichukua penseli nikaugeuza mstari mbele yake. "Ifungukie ndani," nikasema. "Na komeo iwe komeo." Akanisifu kwamba kumbe shule haikuniharibu.

Wiki hiyo hiyo kamati ilitaka kuziba matundu niliyoyaacha juu ya kuta za vyoo, chini ya dari, ya kupitishia hewa. Walisema sauti zitatoka. Niligombana nao kikao kizima. Niliwaletea vijiti vya udi nikawasha, nikawaonesha moshi unavyokwenda, nikainua sauti mbele ya wazee ambao kwa desturi ningewainamia. Nikashinda, matundu yakabaki. Kwa ajili ya upepo nilikuwa tayari kumkosea adabu mtu yeyote, na mlango niliutoa kwa sifa moja ya seremala.

Sista aliiona milango siku ya kukabidhiwa jengo. Nyumba ilikuwa nyeupe, imekauka, inanukia chokaa na mvule, na Bi Mwanasha alikuwa chini akipika pilau ya shukrani. Tulipanda juu watatu, mimi, Kombo na yeye. Akausukuma mlango wa choo, ukaingia ndani. Akauvuta. Akausukuma tena.

"Hii sio tuliyokubaliana."

"Tulirekebisha kidogo," nikasema.

"Arafa, mgonjwa akizidiwa hangoji katikati ya choo. Anaegemea mlango, anateleza, anakaa chini. Nimewatoa wangapi! Nitaufungua vipi akiwa nyuma yake?"

Hapo ndipo nilipomwambia maneno ambayo ningeyameza kama maneno yangemezeka baada ya kutoka. "Sista, wewe hujui desturi zetu."

Alikuwa ameishi kwetu miaka kumi na moja. Alimgeukia Kombo akamuuliza kuibadilisha kutachukua muda gani, Kombo akakuna kichwa akasema fremu zimeshajengewa ukutani, chokaa bado changa, kuivunja na kuijenga upya na kungoja ikauke ni wiki mbili, pengine tatu. Sista akaenda kwenye ukingo wa ukumbi akatazama chini kiwandani. Twalib alikuwa akifagia vumbi la mwisho, polepole, akirudia mahali alipokwisha kufagia. Sista alimtazama muda mrefu. Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi ya kulipokea jengo, akashuka. Nilifurahi. Nilidhani nimemshinda.

Jumatatu iliyofuata watu wanane waliingia, Twalib wa kwanza, na kanzu mpya aliyoshonewa na mama yake. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu kwa wengine, lakini yeye aliingia akiwa safi, akawa ndiye anayewapangusa wenzake jasho na kuwaonesha ukuta gani ni wa baridi zaidi wa kuegemeza mgongo. Nilikuwa nikija kila Ijumaa saa tisa, saa ya joto kali, na kipimajoto na daftari, nikiandika joto la kila chumba. Namba zilikuwa nzuri mno. Nje mji unachemka, ndani unaweza kujifunika shuka. Nilishaanza kuandika makala kichwani.

Ijumaa ya wiki ya tano Twalib alipewa ruhusa ya kwenda kusali na kula chakula cha mchana kwao. Mimi nilifika saa tisa kama kawaida, nikaanza vyumba vya chini, nikapanda juu. Ukumbini nilisimama chini ya yale matundu ya choo cha mwisho nikiingoja namba itulie, nikasikia mtu anakoroma ndani. Mkoromo mzito, wa kuvuta kwa taabu, kisha kimya, kisha tena. Nikatabasamu. Niliitambua kandambili ya Twalib nje ya mlango, ya buluu, na nikajiambia nyumba yangu ina baridi nzuri hata watu wanalala chooni. Nikaandika namba. Nikapima upande wa pili wa ukumbi, nikaandika. Nikarudi kuhakikisha ya kwanza. Dakika tano, pengine sita, na muda wote huo ninamsikia. Kisha nikashuka, nikamkuta Sista akipanga dawa mezani, nikamwambia huku nacheka, "Rafiki yako Twalib kala biriani ya mamake, sasa yuko chooni juu anakoroma."

Uso wake ukabadilika. Chupa ikamponyoka, akapanda ngazi mbilimbili, nami nyuma yake nikiwa bado sijaelewa. Tulipofika juu palikuwa kimya. Akaita, "Twalib!" Akausukuma mlango, ukasogea upana wa kidole ukakwama kwenye komeo, na uzito ulikuwa nyuma yake. Akalala chini sakafuni, akapitisha vidole chini ya mlango, akaugusa mgongo wake. "Bado ana joto. Mwite Kombo. Mwite Kombo!" Nilikimbia mpaka karakana yake kwenye kichochoro cha nyuma, nikarudi naye, yeye na miguu yake mibovu na mtaimbo begani. Bawaba zilikuwa ndani. Mlango ulikuwa wa mvule wa inchi mbili, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na haukumkubali. Alipiga akilia. Sista alikuwa na sindano mkononi tayari, ile dawa ya kumrudisha mtu aliyezidiwa na unga, amepiga magoti nusu hatua kutoka kwa Twalib na hawezi kumfikia. Mimi nilisimama chini ya matundu yangu nikisikiliza, na upepo ulikuwa ukipita vizuri.

Tulipoupasua ubao na kuingiza mkono kwenye komeo ilikuwa imepita zaidi ya robo saa. Walimvuta ukumbini. Sista alimchoma sindano, akamchoma ya pili, akamkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mdomoni mpaka mabega yake mwenyewe yakawa yanatetemeka, na hata alipojua hakuacha. Mwili uliopumzika miezi, alinieleza baadaye, haukumbuki tena kipimo chake cha zamani. Mtu hurudi kwenye kipimo kile kile alichokizoea, na hicho ndicho humuua. Twalib alikuwa amekutana na mmoja wa wale wa kona akitoka kwa mama yake. Siku ile Kombo hakuwa naye, maana nani angefikiri mtu anahitaji kusindikizwa mchana kweupe kutoka kwa mama yake?

Alizikwa kesho yake asubuhi. Bi Mwanasha alisema Mungu kamtaka, watu wakaitika, na hakuna aliyeuliza habari ya mlango. Siku ya tatu nilikwenda kwa Sista ofisini kwake, nikafunga mlango, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeugeuza ule mstari, si Kombo. Akasema, "Najua. Mwandiko wako naujua." Nikamwuliza kwa nini basi alitia sahihi. Akawa anazivuavua pete zake na kuzivaa. "Kwa sababu ningekataa tungechelewa wiki mbili. Nilimwona pale chini anavyofagia. Nilimhofia hizo wiki mbili kuliko nilivyouhofia mlango." Hakunilaumu, si siku ile wala baadaye. Tuliing'oa milango yote minne, Kombo akaigeuza, na sasa inafungukia nje mbele ya watu wote, na hakuna aliyekufa kwa kukosa stara. Lakini zile dakika tano sikumwambia. Alijua nilimsikia, hakujua nilikaa muda gani. Sikumwambia mtu yeyote. Nilichora majengo mengine, nikaolewa, nikapata sifa, na Bi Mwanasha nikimwona kwa mbali sokoni nilipinda kichochoro kingine.

Siku tatu baada ya kumzika Sista nilikwenda kwa Bi Mwanasha. Sasa ni bibi wa miaka themanini na ushei, anakaa chumba kimoja cha chini, haoni vizuri, lakini sauti aliitambua nilipopiga hodi tu. "Arafa. Karibu, keti." Akanimiminia kahawa kwa mkono unaotikisika, akakataa nimsaidie.

"Sista ametutoka," nikasema.

"N'mesikia. Alikuwa akija kunitazama kila Idi. Hakukosa hata moja." Akanisogezea kikombe. "Wewe hukuja."

"Sikuja. Nilikuwa na haya. Bi Mwanasha, nimekuja kukwambia habari ya ule mlango."

"Ya mlango naijua. Kombo alikuja siku ya arubaini akalia papo hapo ulipoketi. Sista naye akaja, akanambia ya kwake. Nami n'kawambia yangu, kwamba ruhusa ya ile Ijumaa n'liomba mie, kwa sahani ya biriani. Sote tushasameheana. Ulobaki ni wewe."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia nilimsikia. Nikamwambia nilisimama chini ya matundu na mwanawe anakoroma ndani, nikadhani kalala, nikaandika namba zangu dakika tano, sita, na kama ningeshuka mara ile pengine Sista angemuwahi. Nilisema yote kwa pumzi moja, kisha nikangoja anifukuze, na kusema kweli nilitaka anifukuze.

Akageuza uso upande wangu. "Akikoroma?"

"Ndiyo."

"Hakulia?"

"Hakulia."

"Hakugonga mlango?"

"Hapana, Bi Mwanasha. Hakugonga."

"Hakuita mtu?"

"Hakuita."

Mikono yake iliacha kutetemeka, ikatulia juu ya magoti. "Miaka yote hini," akasema, "kila n'kilala namsikia yuwagonga ule mlango, yuwaniita, 'Mama, n'fungulia,' nami siko. N'limuuliza Kombo, n'limuuliza Sista, hapana aloweza kunijibu. Walikuta kimya. Sista akanambia alotangulia juu ni wewe, nawe hukuja." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyapangusa. "Kumbe alikuwa kalala."

Sista alinieleza zamani kwamba mkoromo ule si usingizi, ni pumzi inayokatika. Nililijua hilo pale nilipoketi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikumsahihisha mtu.

"Alikuwa kalala," nikasema.

"Nambia tena," akasema Bi Mwanasha.

Nikamwambia tena, tangu mwanzo.